Sumu Chini ya Msingi: Uchunguzi na Usafishaji wa Ardhi Kabla ya Ujenzi

Mtu anayetaka kununua kiwanja kwa kawaida huuliza mambo manne: mipaka iko wapi, bei ni kiasi gani, maji yapo umbali gani, na hati ni halali au siyo. Ni wachache wanaouliza swali la tano, nalo ni hili: kabla ya kuwa kiwanja, mahali hapa palikuwa nini? Huenda palikuwa na gereji, kituo cha mafuta, ghala la dawa za pamba, josho la ng'ombe, kiwanda cha ngozi au jalala. Shughuli hizo zikiisha, majengo hubomolewa, nyasi huota, na baada ya miaka michache macho hayawezi tena kutambua chochote. Lakini baadhi ya kemikali zilizomwagika hapo hukaa udongoni kwa makumi ya miaka, na nyingine, kama vile madini ya risasi, hazitoweki kabisa.

Sayansi ya kuchunguza ardhi ya namna hii na kuisafisha kabla ya kuijenga si ngeni tena. Imejifunzwa kwa gharama kubwa, hasa kutokana na makosa yaliyofanyika katika nchi zilizotangulia kuwa na viwanda vingi. Nchi za Afrika Mashariki, ambazo miji yake inapanuka na kumeza maeneo ya viwanda na maghala ya zamani, zina nafasi ya kujifunza kabla ya kulipa gharama hiyo hiyo.

Shule iliyojengwa kando ya handaki

Mfano unaotajwa zaidi ni ule wa Love Canal, katika mji wa Niagara Falls, Jimbo la New York, Marekani. Mnamo miaka ya 1890 mfanyabiashara aitwaye William T. Love alianza kuchimba mfereji ili kuzalisha umeme kwa nguvu ya maji. Mradi ulikufa kabla ya kukamilika, ukaacha handaki lenye urefu wa karibu kilometa moja. Kuanzia mwaka 1942 kampuni ya Hooker Chemical ililitumia handaki hilo kufukia taka za viwandani. Kufikia mwaka 1953 zilikuwa zimetupwa humo tani zipatazo 20,000 za kemikali, nyingi zikiwa katika mapipa ya chuma. Miongoni mwake yalikuwemo mabaki ya utengenezaji wa dawa ya kuulia wadudu iitwayo lindeni, pamoja na benzini na dioksini. Kisha handaki lilifunikwa kwa udongo wa mfinyanzi.

Mwaka huo huo wa 1953 kampuni iliiuzia Bodi ya Elimu ya mji ardhi hiyo kwa dola moja tu. Hati ya mauzo ilieleza kwamba mahali hapo pamejazwa taka za kemikali, na kwamba kampuni haitawajibika kwa madhara yatakayotokea. Kwa hiyo haiwezi kusemwa kwamba hatari haikujulikana. Ilijulikana, ikaandikwa, na ikatiwa sahihi. Pamoja na hayo, shule ya msingi ilijengwa papo hapo, ikafunguliwa mwaka 1955. Wakati wa ujenzi yaligunduliwa mashimo yenye mapipa ya taka. Hatua iliyochukuliwa ilikuwa kulisogeza jengo kando kidogo. Viwanja vya jirani viliuzwa, barabara na mitaro ya mabomba ikachimbwa na kukata kingo za handaki, na familia zikahamia. Wengi walionunua nyumba hizo hawakuelezwa habari za hati ile.

Udongo wa mfinyanzi haupitishi maji kwa urahisi. Hivyo, handaki lilikuwa mfano wa beseni. Kifuniko chake kilipotobolewa na ujenzi, maji ya mvua na ya theluji iliyoyeyuka yaliingia kwa juu yasipate pa kutokea chini. Mapipa yaliliwa na kutu, na kemikali zikachanganyika na maji. Katikati ya miaka ya 1970, baada ya misimu ya mvua na theluji nyingi, beseni lilifurika. Maji yenye harufu kali yalipenya katika vyumba vilivyo chini ya nyumba, na mapipa yakaanza kuibuka juu ya ardhi.

Tarehe 2 Agosti 1978 Idara ya Afya ya jimbo ilitangaza hali ya hatari, na siku tano baadaye Rais Jimmy Carter alifanya vivyo hivyo kwa niaba ya serikali kuu. Familia 239 zilizoishi karibu zaidi na handaki zilihamishwa kwanza, na kuanzia mwaka 1980 mamia ya familia nyingine zikafuata. Wakazi wenyewe, wakiongozwa na Lois Gibbs, mama aliyekuwa na mtoto katika shule ile, ndio waliopita nyumba hadi nyumba wakiandika magonjwa ya majirani na kudai majibu. Mwezi Desemba 1980 Marekani ilipitisha sheria iliyounda mfuko wa kusafishia ardhi zenye sumu, unaojulikana kwa jina la Superfund. Kazi ya Love Canal ilichukua miaka 21 na kugharimu karibu dola milioni 400. Eneo hilo liliondolewa katika orodha ya maeneo ya hatari mwaka 2004. Hata hivyo taka zenyewe bado zimo ardhini. Zimefunikwa na kuzungushiwa uzio, na maji yanayochujika kutoka kwake hukusanywa na kusafishwa mfululizo.

Swali ambalo msomaji hana budi kujiuliza ni hili: iwapo tahadhari ilikuwa imeandikwa, kwa nini haikusaidia? Jibu ni kwamba tahadhari ya maneno haisemi sumu ni kiasi gani, imelala kina gani, inaelekea wapi, na itamfikia nani. Hayo hujulikana kwa kupima tu. Naam, hapo mwaka 1953 kupima, kuzungushia uzio na kukataa kujenga kungegharimu sehemu ndogo sana ya fedha zilizotumika baadaye.

Chanzo, njia na mpokeaji

Wataalamu wa ardhi iliyochafuliwa huyapanga mawazo yao kwa maneno matatu: chanzo, njia na mpokeaji. Chanzo ni mahali sumu ilipo, kama vile tangi la mafuta linalovuja au udongo uliomwagikiwa dawa. Njia ni jinsi sumu inavyosafiri: kwa vumbi, kwa maji ya chini ya ardhi, kwa mvuke, au kwa mboga zilizopandwa mahali hapo. Mpokeaji ni yule anayedhurika, kama vile mtoto achezaye uani, mtumiaji wa kisima, au samaki wa mto ulio karibu. Vitu vyote vitatu vinapoungana ndipo hatari inapotokea. Kimoja kikiondolewa, hatari hukatika.

Kila kemikali ina tabia yake ya kusafiri. Madini ya risasi hushikamana na chembe za udongo, na aghalabu hubaki katika sentimeta chache za juu. Njia yake kuu ni vumbi na mikono ya watoto ambao hutia vidole mdomoni. Petroli na dizeli ni nyepesi kuliko maji; hushuka mpaka zifikie maji ya chini ya ardhi, kisha huelea juu yake na kutambaa yanakoelekea. Kinyume chake, vimiminika vyenye klorini vinavyotumika kuondolea mafuta kwenye vyuma ni vizito kuliko maji. Huyapita maji na kuendelea kuzama mpaka vizuiwe na tabaka gumu. Petroli pamoja na vimiminika hivyo hutoa mvuke uwezao kupanda kupitia nyufa za sakafu na kuingia ndani ya nyumba, hata kama hakuna mtu aliyegusa udongo wala kunywa maji ya kisima.

Njia nyingine huwa hazikutarajiwa kabisa. Katika kijiji cha Lekkerkerk, nchini Uholanzi, nyumba zilijengwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 juu ya ardhi iliyojazwa taka, zikiwemo za kemikali. Vimumunyisho vilivyokuwa udongoni vilipenya katika kuta za mabomba ya plastiki yaliyoleta maji ya kunywa. Maji yalitoka safi katika mtambo, yakachafuka yakiwa njiani ndani ya bomba. Mwaka 1980 wakazi wa nyumba zaidi ya 200 walihamishwa, na mapipa zaidi ya 1,500 yakafukuliwa. Tukio hilo ndilo lililoifanya Uholanzi itunge sheria yake ya kwanza ya usafishaji wa udongo, mwaka 1983.

Hatua za uchunguzi

Uchunguzi wa kiwanja hauanzi kwa jembe wala kwa darubini; huanza kwa karatasi na mazungumzo. Katika hatua ya kwanza mchunguzi hutafuta historia: ramani za zamani, picha zilizopigwa kutoka angani, leseni za biashara, kumbukumbu za halmashauri, na masimulizi ya wazee na wafanyakazi wa zamani. Mzee akumbukaye kwamba kulikuwa na josho mahali fulani hutoa habari yenye thamani kubwa, kwa kuwa majosho ya zamani yalitumia aseniki kuua kupe, na aseniki haiozi.

Hatua ya pili ni kukagua mahali penyewe. Mchunguzi hutazama mimea iliyodumaa bila sababu, udongo wenye rangi au harufu ngeni, mabaki ya matangi, na mkondo unaofuatwa na maji ya mvua. Hatua hizi mbili ni nafuu, nazo huamua kama kuna haja ya kuendelea.

Hatua ya tatu ni kuchukua sampuli za udongo, maji na, inapobidi, hewa iliyomo ndani ya udongo. Hapa hesabu huingia. Chukulia kiwanja cha hekta moja, yaani mita 100 kwa mita 100. Kikigawanywa katika miraba ya mita 25 kila upande, hupatikana miraba 16, na sampuli moja huchukuliwa katikati ya kila mraba. Doa la sumu lenye kipenyo cha mita 10 laweza kukaa baina ya vituo hivyo bila kuguswa na hata kimoja. Ili doa kama hilo lisiponyoke, ulalo wa mraba mmoja lazima upungue mita 10. Mwanafunzi anayejua kanuni ya Pythagoras ataona kwamba upande wa mraba hauwezi kuzidi mita 7 na kidogo. Kiwanja kitahitaji kugawanywa mara 15 kwa 15, yaani sampuli 225, na kila sampuli ina gharama yake maabarani. Ndiyo sababu historia hutangulia: huonyesha mahali pa kuweka sampuli nyingi na mahali pa kuweka chache.

Ipo hila nyingine ya hesabu inayopaswa kuangaliwa. Ili kupunguza gharama, sampuli kadhaa huweza kuchanganywa na kupimwa kama moja. Tuseme sampuli tisa zina miligramu 50 za risasi kwa kila kilo ya udongo, na ya kumi ina miligramu 4,000. Mchanganyiko wake utasoma miligramu 445. Tarakimu hiyo si ya uongo, lakini inaficha jambo ambalo mwenye kiwanja alipaswa kulijua kuliko yote, yaani kwamba iko kona moja ambayo mtoto asiruhusiwe kuchezea. Wastani hauchezi uani. Mtoto ndiye achezaye.

Aidha, sampuli huchukuliwa katika vina mbalimbali, na nyingine huchukuliwa katika ardhi ya jirani isiyochafuliwa ili ziwe kipimo cha kulinganisha. Udongo wowote una madini kiasi fulani kwa asili yake, na bila kulinganisha mtu aweza kuihukumu ardhi iliyo safi au kuisamehe iliyo chafu.

Hatua ya nne ni kuyapima matokeo kwa matumizi yanayokusudiwa. Kiwango kinachovumilika chini ya sakafu ya zege ya ghala hakiwezi kuvumilika katika bustani ya shule ya watoto wadogo. Viwango vyenyewe navyo hubadilika kadiri elimu inavyokua. Kwa miaka mingi Marekani ilitumia miligramu 400 za risasi kwa kilo ya udongo kuwa kiwango cha kuanzia uchunguzi zaidi katika maeneo ya makazi. Mwaka 2024 kiwango hicho kilishushwa kufikia 200. Risasi yenyewe haikubadilika. Kilichobadilika ni ujuzi wa madhara yake kwa ubongo wa mtoto, na Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba hakijulikani kiwango chochote cha risasi katika damu kisicho na madhara.

Njia za kusafisha

Njia ya zamani kuliko zote ni kuchimba udongo mbaya na kuupeleka kwenye shimo lililoandaliwa maalumu kwa taka za hatari. Ni njia ya haraka, lakini ni ghali, nayo huihamisha sumu badala ya kuimaliza. Udongo huo ukipelekwa mahali pasipostahili, kwa mfano ukiuzwa kama kifusi cha kujazia viwanja vingine, tatizo moja huzaa mengi.

Njia ya pili ni kuuosha udongo. Msingi wake ni eneo la uso wa chembe. Mchemraba wenye upande wa sentimeta 1 una eneo la uso la sentimeta 6 za mraba. Ukikatwa kuwa michemraba midogo ya milimeta 1, hupatikana vipande 1,000 vyenye jumla ya sentimeta 60 za mraba, yaani mara kumi, ingawa ujazo haukuongezeka. Kwa kuwa sumu nyingi hushikamana na uso wa chembe, sehemu kubwa ya sumu huwa katika tope laini, wala si katika mchanga na kokoto. Udongo hupitishwa katika chekecheo na maji. Mchanga na kokoto hutoka safi na kurudishwa kazini, na tope chache lililobaki ndilo linalotibiwa au kuzikwa.

Njia ya tatu ni kuwatumia bakteria ambao kwao mafuta ya petroli ni chakula. Bakteria hao wamo udongoni kwa asili. Kinachokosekana ni hewa, unyevu na virutubisho. Udongo hutandazwa au kulundikwa, hugeuzwa ili upate oksijeni, na hutiwa mbolea yenye naitrojeni na fosforasi. Baada ya miezi kadhaa sehemu kubwa ya mafuta huwa imegeuzwa kuwa kaboni dioksaidi na maji. Hata hivyo njia hii haifai kwa risasi au zebaki, kwa sababu metali ni elementi, na hakuna kiumbe awezaye kuivunja elementi.

Iwapo sumu haiwezi kuondolewa, hukatwa njia yake: hufunikwa kwa tabaka la udongo safi, mfinyanzi au lami, au huzungushiwa ukuta ndani ya ardhi. Njia hii inakubalika, lakini ina sharti moja: lazima awepo mwenye jukumu la kukilinda kifuniko kwa miaka yote ijayo. Love Canal ilikuwa na kifuniko. Haikuwa na mlinzi.

Hospitali za udongo

Mfano mzuri wa kazi iliyofanywa kwa utaratibu wake ni uwanja wa Michezo ya Olimpiki ya London ya mwaka 2012. Bonde la Mto Lea, mashariki mwa jiji hilo, lilikuwa limebeba viwanda, mitambo ya gesi na majalala kwa zaidi ya karne moja. Udongo wake ulikuwa na mafuta, lami, aseniki, risasi na sianidi. Kabla ya ujenzi eneo lenye hekta zipatazo 250 lilichunguzwa kwa mashimo yapatayo 3,000, na majengo zaidi ya 200 yalibomolewa. Badala ya kusomba udongo wote kwa malori, mitambo ya kuuosha iliwekwa papo hapo, na wafanyakazi wakaipa jina la hospitali za udongo. Kila shehena ilipimwa ilipoingia na ilipotoka. Zaidi ya robo tatu ya udongo uliochimbwa ulirudishwa kutumika mahali pale pale, na maji ya chini ya ardhi nayo yakasafishwa. Leo pana bustani, viwanja vya michezo na makazi.

Tofauti kati ya London na Niagara Falls haikuwa katika ukubwa wa sumu. Ilikuwa katika mfuatano wa kazi: huku walipima kwanza kisha wakajenga, kule walijenga kwanza, na kupima kukafuata baada ya watoto kuugua.

Mafunzo ya Afrika Mashariki

Yaweza kudhaniwa kwamba mambo haya ni ya nchi zenye viwanda vikubwa tu. Sivyo. Mwaka 1986 shehena ya dawa za kuulia wadudu, ambazo sehemu yake ilikuwa imepitwa na wakati, ililetwa Tanzania kama msaada kutoka Ugiriki, ikahifadhiwa katika banda kwenye shamba la Vikuge, Mkoa wa Pwani. Banda lilianguka, na dawa zikamwagika. Baadaye mabaki yaliyoonekana kwa macho yaliondolewa, na mtu aliyepita hapo angeweza kudhani kazi imekwisha. Lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2004 ulionyesha kwamba udongo wa juu ulikuwa na DDT kufikia asilimia 28, pamoja na dawa za jamii ya lindeni kufikia asilimia 6. Maana yake ni kwamba katika kilo moja ya udongo, gramu 280 zilikuwa DDT. Dawa zilikutwa mpaka kina cha sentimeta 50, na zilionekana pia katika maji ya kisima na maji ya juu ya ardhi. Watafiti walieleza kwamba udongo uliobaki ulikuwa wenyewe ni taka ya hatari.

Fundisho la Vikuge ni kwamba kuondoa kinachoonekana si kusafisha. Usafishaji wowote hauna budi kumalizika kama ulivyoanza, yaani kwa sampuli. Mpaka maabara ithibitishe, kiwanja kimefagiwa tu.

Fundisho la pili linatoka Mombasa. Katika mtaa wa Owino Uhuru, wenye wakazi wapatao 3,000, kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu za magari kilifanya kazi ukutani mwa nyumba za watu hadi kilipofungwa mwaka 2014. Moshi, vumbi na maji machafu vilisambaza risasi, na damu ya watoto ikakutwa na kiasi kikubwa cha madini hayo. Wakazi, wakiongozwa na Phyllis Omido, ambaye alipata kufanya kazi kiwandani humo na mtoto wake mwenyewe akaugua, walikwenda mahakamani. Mwezi Julai 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3, na mazingira yao yasafishwe. Amri hiyo ilitenguliwa katika rufani mwaka 2023, na mwezi Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha fidia.

Tanuri lilizimwa, lakini risasi haikuondoka pamoja na moshi. Mtu atakayechimba msingi katika ardhi ya namna hiyo, au kupanda mchicha, au kuuza kifusi chake, ataifungua upya njia ya sumu hata kama hakukiona kiwanda kikifanya kazi. Wala fedha za mahakama, hata zikilipwa zote, haziwezi kuurudisha uwezo wa akili ambao mtoto ameupoteza. Katika jambo hili kinga si bora kuliko tiba tu. Kwa baadhi ya madhara kinga ndiyo tiba pekee iliyopo.

Pengo la kuzibwa

Kenya ina sheria ya mazingira ya mwaka 1999, na Tanzania ina Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Zote zinataka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya kuanza. Yafaa wasomaji watofautishe mambo mawili hapa. Tathmini ya athari hasa hutazama mbele: mradi huu utaifanya nini ardhi? Uchunguzi wa ardhi iliyochafuliwa hutazama nyuma: ardhi hii imekwisha kufanywa nini, nayo itawafanya nini watakaoishi juu yake? La kwanza likifanyika bila la pili, mradi waweza kupata kibali cha kila aina na bado ukasimama juu ya sumu. Aidha, nyumba nyingi za watu binafsi hujengwa bila hata tathmini moja.

Hapo ndipo elimu ya shule ina kazi. Mwalimu wa jiografia, kemia au historia aweza kuwapa wanafunzi kazi ya kuchora ramani ya matumizi ya ardhi ya mtaa au kijiji chao kwa miaka hamsini iliyopita, wakiwauliza wazee na kutazama kumbukumbu za serikali ya mtaa. Ramani hiyo ionyeshe majosho, gereji, vituo vya mafuta, maghala ya dawa za kilimo, mahali palipotiwa dawa nguzo za umeme, na majalala yaliyofukiwa. Pembeni mwa kila mahali waandike chanzo kinachoweza kuwapo, njia yake, na mpokeaji aliye karibu zaidi. Wanafunzi wasichimbe wala kushika udongo wa mahali wanapopashuku. Kazi hiyo ni ya wataalamu wenye vifaa vya kujikinga na maabara. Kazi ya shule ni ile hatua ya kwanza isiyohitaji chombo chochote ila kalamu na subira ya kusikiliza.

Ramani kama hiyo ikitundikwa ukutani darasani, na nakala yake ikiwekwa katika ofisi ya mtaa, itakuwa imefanya jambo ambalo hati ya Niagara Falls haikulifanya: kuwafikishia habari wale watakaoishi mahali hapo, wakati bado msingi haujachimbwa.